Chumba cha Chui Milia

Chui milia wa nne naye alikataa kutulia.

Jinfeng alirudi nyuma hatua mbili akamtazama. Miguu ilikuwa sawa. Mkia ulikuwa sawa. Milia ya paji la uso ilikaa mahali pake, mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, ile inayofanya herufi ya neno "mfalme". Manyoya aliyachora kwa brashi iliyokaushwa na kuchanuliwa mpaka nywele zake zikasimama mojamoja, kazi ya siku mbili nzima, na kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kuyatia kasoro. Lakini mnyama mwenyewe alikuwa kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, anangoja kuambiwa ondoka.

Mzee Geng, baba mkwe wake, alipita nyuma yake na kikombe cha chai, akasimama.

"Mama Doudou."

"Naam, Baba."

"Huyu anapanda mlima au anashuka?"

"Anapanda, Baba. Si wote walioagizwa ni wa kupanda?"

"Mwili unapanda. Macho yanashuka." Mzee alivuta chai kwa kelele. "Anayepanda ameshiba, anarudi kwake kulala. Anayeshuka ana njaa, anatafuta cha kula. Huyu wako sijui ana nini. Wewe ungemtundika sebuleni kwako, ukalala usingizi?"

"Labda kakumbuka hajafunga mlango huko chini," alidakia Mama Shuang, jirani yao, aliyekuwa upande wa pili wa meza akitia majani ya misonobari kwenye karatasi yake. Yeye hakuwahi kupitwa na neno bila kulipachika lake.

Mzee hakucheka. Aliigonga karatasi kwa kidole, akasema mchana huu achore mwingine, akatoka.

Jinfeng aliikunja karatasi akaitupa chini ya meza walipolala wale watatu wenzake. Vidole vilikuwa vya baridi ingawa jiko la makaa lilikuwa linawaka karibu yake. Siku tano sasa hakukalika. Akichora, anasimama, akisimama, anasahau alichosimamia. Usiku mumewe, Geng Tao, alimwuliza kama anaumwa, naye akajibu ni uchovu wa kazi, jibu ambalo mwezi ule lilimfaa kila mtu kijijini.

Maana kazi ilikuwa imewafika shingoni. Wiki tatu zilibaki Mwaka wa Ng'ombe uishe uingie Mwaka wa Chui Milia, na nchi nzima ilitaka chui milia ukutani. Katika kijiji hiki cha kando ya Mto Manjano kila mtu ni mchoraji wa chui milia na si wa kitu kingine, kuanzia bibi asiye na meno hadi kijana aliyeacha shule. Ngano ililala shambani chini ya barafu nyembamba, na hakuna aliyekumbuka hata kwenda kuitazama. Watu walikula wamesimama, wino kwenye viganja.

Na juu ya hayo, harusi. Mwaka unaokuja, kwa kalenda ya mwezi, haukuwa na siku ya mwanzo wa masika ndani yake. Moja ingeangukia siku chache kabla yake, na nyingine baada yake. Mwaka wa namna hiyo huitwa mwaka wa wajane, na hakuna mzazi mwenye akili anayemwoza mwanawe humo. Basi kila aliyekuwa na mchumba alikimbilia kuoa sasa hivi, na Geng Wu, shemeji yake Jinfeng, alikuwa mmoja wao. Bibi harusi angefika keshokutwa asubuhi.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Jinfeng, na siku hiyo shida hiyo iliingia mlangoni kwa miguu yake, ikiwa imevaa koti jekundu na kushika orodha.

"Nimemaliza kupanga," alisema Mama Geng, mama mkwe wake, akivua glavu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. "Mtandika kitanda cha maharusi nimempata. Nimehangaika mwezi mzima! Yule wa kwa Lü mumewe kafa. Yule wa kwa Hao ana binti watupu. Huyu hapa," akamwelekezea kidevu Mama Shuang, "ana kila kitu, lakini akitandika atawahadithia wenyewe watakacholota."

"Na wangelota vizuri," alisema Mama Shuang.

"Kumbe namtafuta nje, na yumo ndani ya nyumba yangu! Mama Doudou. Mume yupo, binti yupo, mwana yupo. Wazazi wake wote wawili wako hai. Mkono wake ni mwepesi. Na amezaliwa Mwaka wa Ng'ombe, ambaye ni mpole na mchapakazi." Alimshika Jinfeng bega akalitikisa. "Wewe utamtandikia mke wa shemeji yako kitanda. Nani mwingine?"

Jinfeng alionyesha karatasi tupu zilizokuwa mezani. "Mama, mimi... kazi hii imenibana."

"Kazi gani ya kukushinda saa moja? Usinitie aibu, mwanangu."

Mwanangu. Miaka kumi na minne katika nyumba ile, na neno hilo lilikuwa limeanza kumtoka Mama Geng miaka michache tu iliyopita. Jinfeng akainama juu ya jiwe la wino akasaga wino ambao haukuhitaji kusagwa.

Kwani yeye hakuzaliwa Mwaka wa Ng'ombe. Alizaliwa siku ya nne ya mwezi wa kwanza wa Mwaka wa Chui Milia.

Ni siku kumi na tisa tu alizorudishwa nyuma. Mama yake mzazi alizirudisha alipokuja mshenga, kwa sababu washenga wawili kabla yake walikwisha kuinuka wakaenda zao chai ikiwa bado ya moto. Hapo ndipo watu wanaposhangaza. Mtoto akizaliwa, anavishwa kofia ya chui milia na viatu vya chui milia ili shetani amkimbie. Mtu akijenga nyumba, anatundika chui milia alinde mlango. Kijiji kizima kinakula chui milia, kinavaa chui milia, kinasomesha watoto kwa chui milia. Lakini msichana akizaliwa mwaka wake, watu wanakuna vichwa. Huyo atamla mumewe, wanasema. Na asimkaribie bibi harusi, asiingie chumbani kwake, asiguse kitanda chake, la sivyo mimba haitakaa.

"Usimwambie mtu," mama yake alimnong'oneza asubuhi ya kuolewa, akimfunga vifungo. "Hata mumeo. Hasa mumeo." Naye hakumwambia. Mwaka huu uliokuwa unakwisha, ambao wote waliamini kuwa ni wake, Mama Geng alimnunulia mkanda mwekundu na soksi nyekundu jozi mbili za kumkinga, kama mtu anavyopaswa kukingwa mwaka wa mnyama wake unaporudi. Alizivaa. Mkanda alikuwa nao kiunoni hata sasa.

Je, yeye mwenyewe aliamini? Ukimwuliza angesema hapana. Kisha angekumbuka mimba yake iliyoharibika kabla ya kumpata mwanawe, na angenyamaza. Alimwona yule msichana, bibi harusi, mara mbili: mcheshi, mwenye pengo la meno, aliyemletea mapeasi ya majira ya baridi bila kuombwa. Amtandikie kitanda kwa mkono huu? Na likitokea baya mwakani, awe anamtazama machoni kila siku wakila?

Akisema, nyumba itamgeuka. Asiposema, atalibeba. Alikuwa akilizungusha hilo kichwani tangu siku alipomwona mama mkwe anahesabu wanawake kwa vidole, akijua kidole kitamfikia.

Binti yake alirudi kutoka shule adhuhuri, mashavu mekundu kwa upepo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Doudou, maharage, kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo, ingawa sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu iliyokuwa inagonga kila meza. Kabla hajaweka begi chini bibi yake alimwita.

"Doudou, njoo nikwambie mapema usije ukaninunia mbele ya wageni. Keshokutwa asubuhi chui milia wote tunawahamishia humu kwenye chumba cha kuchorea. Wa sebuleni, wa ukumbini, wa mlangoni. Bibi harusi asikutane na hata mmoja."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe utakaa humu humu nao, mlango umefungwa. Mpaka akae kitandani. Fataki zikikata, nitakuja kukufungulia mwenyewe."

Doudou alimtazama mama yake, haraka, kisha akatazama sakafu. Yeye alizaliwa Mwaka wa Chui Milia, na hilo halikuweza kufichwa na mtu, maana bibi yake ndiye aliyempokea.

"Na Kang?" aliuliza.

Kang alikuwa mdogo wake wa kiume, wa miaka mitano. "Kang atabingirishwa kitandani ili wapate mtoto wa kiume. Kwani hujui?"

"Najua."

"Basi usinitolee mdomo. Hakuna anayekuonea. Ndivyo ulivyozaliwa."

Doudou akafungua begi, akatoa daftari, akaanza hesabu zake. Hakununa. Jinfeng angependa anune. Alishika brashi akachora mstari wa mgongo wa chui milia wa tano, ukatoka umejikunja kama wa paka aliyemwagiwa maji.

*

Asubuhi ya harusi Geng Tao na ndugu zake waliondoka na magari kumfuata bibi harusi kabla ya jua kupasua ukungu. Jinfeng alikuwa amekusudia kumwambia mumewe usiku uliotangulia. Alilitayarisha neno, akalipanga, na alipogeuka kulisema mume alikuwa anakoroma. Akasema moyoni atalisema asubuhi. Asubuhi mume akawa anatafuta soksi.

Uwanjani wapishi walikuwa wanapiga kelele juu ya sufuria, mvuke wa mikate ukipanda hadi kwenye vigae. Mzee Geng mwenyewe alibeba picha zake, moja moja, zikiwa zimeviringishwa, akaziingiza chumba cha kuchorea kama mtu anayelaza wagonjwa. Ile kubwa ya ukumbini ilikataa kuviringishwa kwa ajili ya fremu, basi akaisimamisha kwenye ukuta wa ndani, uso ukiwatazama watakaokaa humo. Doudou akaingia nyuma yake amebeba kijiti cha sukari alichohongwa na mpishi. Mama Geng akafunga mlango, akabandika karatasi nyekundu juu ya mwanya.

"Mama," Doudou aliita kutoka ndani.

"Naam?" alijibu Jinfeng.

"Ukimaliza kutandika, njoo uniambie mfarishi una picha gani."

"Nitakuja."

Akaenda. Miguu ilikwenda, ndivyo angesema baadaye. Yeye hakuwa na habari nayo. Chumba cha maharusi kilikuwa kinanuka rangi mpya. Kitanda kilikuwa kikubwa, kitupu, mbao zikionekana. Wanawake watano walijipanga ukutani kutazama, Mama Shuang akiwa wa mbele akitafuna mbegu za alizeti. Mama Geng alimpa Jinfeng sinia: kunazi kavu, karanga, mbegu za yungiyungi, za kutawanya chini ya shuka. Kang alikuwa mlangoni amevuliwa viatu, anarukaruka kama maji yaliyochemka.

"Haya, mwanangu," alisema Mama Geng. "Anza upande wa kichwani. Na useme maneno mazuri."

Jinfeng aliuchukua mfarishi. Ulikuwa mzito, wa pamba mpya, na picha yake ilikuwa ya bata wawili majini. Akaunyanyua ili autandaze. Aliuona mkono wake mwenyewe juu ya hariri ile nyekundu, kucha zikiwa na wino ambao haukutoka hata kwa jivu. Akawaza: Doudou ataniuliza, nami nitamwambia, bata wawili. Nitamwambia kupitia mlango uliofungwa. Halafu nitarudi huku nikale.

Akaurudisha mfarishi kwenye sanduku.

"Nini tena?" alisema Mama Geng.

"Mama, siwezi."

Mama Geng alimtazama juu hadi chini, macho yakatua tumboni. "Una mimba?" Mwenye mimba naye haruhusiwi kutandika.

"Mimba! Leo!" alisema Mama Shuang akipiga makofi. "Huyu naye ana bahati ya kuchagua siku!"

"Sina mimba. Mama, mimi si wa Mwaka wa Ng'ombe."

"Kwa hiyo wa mwaka gani, wa Panya? Panya hana neno, tandika, watu wako njiani."

"Wa Chui Milia. Kama Doudou. Nilizaliwa siku ya nne ya mwezi wa kwanza. Mama yangu alizirudisha siku nyuma ili mnichukue."

Mama Shuang aliacha kutafuna. Sauti zilizosikika zilikuwa za wapishi uwanjani na Kang aliyeuliza kama sasa anaweza kubingirika.

Mama Geng alikaa juu ya sanduku la mifarishi. Akanyanyuka. Akakaa tena.

"Miaka kumi na minne," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kila mwaka nakupikia tambi za siku ya kuzaliwa. Nazivuta kwa mikono yangu zisikatike. Nampikia nani? Napikia siku ambayo mtu hakuzaliwa!"

"Mama, nisamehe."

"Na soksi nyekundu! Jozi mbili! Nimetembea soko zima natafuta zisizochuja!" Sauti ilimpanda mpaka ikapasuka. Kulikuwa na makubwa zaidi ya kusema, naye aliyajua, lakini soksi ndizo zilizomtoka, na machozi pamoja nazo. "Ulizivaa ukinicheka?"

"Sikucheka hata siku moja. Niliogopa. Kila siku niliogopa."

"Tao anajua?"

"Hajui."

"Atajua leo. Na leo nusura uniharibie..." Alijizuia, akamtazama Kang. Kisha akanyoosha mkono mlangoni. "Toka. Toka humu kabla hujagusa kingine. Mama Shuang! Huo mfarishi alioushika uweke kando, kachukue ule wa kijani. Tandika wewe. Na ukifungua mdomo kusema lolote zaidi ya heri, nitakuchapa mbele ya wageni."

Jinfeng alitoka. Wanawake walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji, na mmoja wao, aliyekuwa akichora naye meza moja miaka mingi, alivuta upindo wa koti lake usimguse. Hilo lilimuuma kuliko maneno yote. Uwanjani mpishi alimwuliza chumvi iko wapi, akamwonyesha, kwa sababu mpishi alikuwa bado hajui kitu. Kwenye ngazi alisimama Mzee Geng. Kelele za mkewe zilikuwa zimemfikia. Alimtazama mkwewe, akaenda zake kuhesabu viti. Jinfeng hakujua achukulie vipi, na hakuwa na nguvu ya kulifikiria.

Angeweza kwenda jikoni. Angeweza kwenda kwao, ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Alivuka uwanja hadi chumba cha kuchorea, akaibandua karatasi nyekundu, akaingia, akaibandika tena kwa ndani kama alivyoweza, akafunga mlango.

Doudou alikuwa ameketi juu ya meza kati ya picha, kijiti cha sukari kimebaki nusu. Chui milia wa ukumbini alimtazama kutoka ukutani.

"Umemaliza upesi," alisema. "Una picha gani?"

"Bata wawili. Lakini watatumia mwingine."

"Kwa nini?"

"Ule niliugusa mimi." Jinfeng alikaa kwenye benchi. "Doudou, nimekuja kukaa. Mpaka fataki zikate."

"Hukatazwi. Wewe si ng'ombe?"

"Mimi si ng'ombe. Mimi ni chui milia kama wewe. Nilificha."

Alidhani mtoto atafurahi. Ukweli ni kwamba, akivuka uwanja ule, katika aibu yote aliyokuwa nayo, hicho ndicho kitu kimoja kilichomtia joto: kwamba Doudou atamrukia shingoni. Doudou hakuruka. Aliweka kijiti chini, akapangusa vidole kwenye suruali, akafikiri.

"Ulijua siku zote?"

"Siku zote."

"Harusi ya shangazi, nilipofungiwa ghalani. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuwa nakuona kwenye tundu. Ulikaa na Bibi meza ya mbele. Mlikuwa na samaki."

"Ndiyo."

"Ukala?"

Jinfeng alitafuta neno la kujitetea, na yalikuwepo mengi, miaka kumi na minne ya maneno. Hakuna lililofaa kuwekwa mbele ya mtoto huyu.

"Nikala," alisema.

Doudou aligeuza uso. Mabega yake yalipanda yakashuka. Jinfeng hakuthubutu kumgusa. Alikuwa ameogopa mama mkwe, mume, kijiji, mtoto wa bibi harusi ambaye hata hajatungwa. Huyu wa kwake, aliyembeba mnyama wake waziwazi tangu siku ya kwanza, hakuwahi kumwogopa, wala hakuwahi kufikiri kwamba atakuja kuulizwa na yeye. Aibu aliyoisikia hapo ilikuwa nyingine kabisa. Haikuwa ya uongo wa mama yake. Ilikuwa ya samaki.

Mbali, barabarani, zumari zikalia. Kisha honi, kisha fataki za kwanza mwanzoni mwa kijiji. Nje wapishi walipiga yowe, viti vikaburutwa, Mama Geng akasikika akitoa amri kwa sauti iliyokwisha kukauka kwa kulia. Sauti ikakaribia mlango. Ikasimama.

"Doudou!" Bibi aliita. "Wanafika. Geuka ukutani." Ndipo alipoona kwamba karatasi yake nyekundu haipo tena mlangoni. Alipumua kwa nguvu, wakamsikia. "Geukeni ukutani. Wote wawili."

Doudou alishuka mezani na kugeuka mara moja, bila kuambiwa mara ya pili, miguu pamoja, paji la uso karibu na matofali, mikono nyuma. Hakutafuta pa kusimama, alijua. Jinfeng alimtazama mgongo ule mwembamba uliozoea. Akasimama kando yake, akageuka ukutani. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

Fataki zikafika langoni. Chumba kikatikisika, vumbi likaanguka kutoka kwenye mbao za dari. Nje watu walicheka, wakashangilia, mtu akapiga mbinja. Bibi harusi yule mwenye pengo alikuwa anavuka kizingiti, na wao hawakumwona.

"Zinachukua muda gani?" Jinfeng aliuliza.

"Mrefu." Doudou hakugeuza kichwa. Alikuwa bado na hasira, ilikuwa ndani ya sauti yake, lakini alisogea hatua moja kumpisha mama yake mahali ambapo upepo wa mwanya haukufika. "Usitazame nyuma mpaka zikate kabisa. Zikinyamaza kidogo zinakudanganya, zinaanza tena. Ukichoka, hesabu matofali. Anzia chini, ndivyo yanavyochelewa kuisha."

Jinfeng akashusha macho mpaka sakafuni.

"Moja," alisema.

"Siyo kwa sauti, Mama. Bibi atasikia."